Mkanda wa Kilo Mia

Jumapili, tarehe 1

Sista wa kliniki ya sukari ameniambia niandike namba zangu kila siku. Sasa namba peke yake zinanichosha, ni kama kuletewa mifupa bila supu. Nitaandika na supu yake. Shule niliiacha mapema, tukaachana kwa amani, lakini mwandiko wangu hata hakimu angeusifu, kwa sababu mkono huu ni wa fundi rangi. Nimepaka meli, nimepaka benki, nimepaka nyumba ya balozi mmoja ambaye alipoona mlango wake alinishika mkono na kusahau kuuachia. Mstari sipigi kwa uzi wala kwa karatasi ya gundi. Napiga kwa jicho. Ndiyo maana mafundi wote wa mji huu wananiita Rula.

Sukari asubuhi: 7.2. Sista angetabasamu, kama angejua kutabasamu.

Shida yangu ya sasa si sukari, ni mwili. Kabla ya kuanza sindano za insulini nilikonda mpaka suruali ikawa inanitangulia njiani. Sindano zikaurudisha mwili wangu. Asante. Lakini mwili umerudi na wageni wake, na wageni wamepiga kambi tumboni na hawaulizi basi la kuondoka. Nachoma asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, na kila wiki tundu la mkanda linasogea.

Kesho tunaanza jengo jipya. Ghorofa kumi na moja. Kazi ya wanaume wenye moyo, siyo kupaka jiko la mama mkwe.

Jumatatu, tarehe 2

Jengo zima ni jeupe, na chini ya madirisha ya kila ghorofa unapita mstari wa buluu, upana wa kiganja. Mistari yote ni yangu. Lazima tumalize kabla ya mvua, maana rangi mbichi ikinyeshewa hulia machozi ukutani, na ukuta ukishalia hauna wa kuubembeleza.

Msimamizi wetu tunamwita Mizani. Kila Jumatatu, kabla mtu hajagusa brashi, anatoa mizani ya kupimia magunia na kila mpandaji anasimama juu yake mbele ya wenzake. Hatuna siri ya kilo. Mikanda ya usalama imeandikwa kilo mia, na Mizani anaamini kilichoandikwa kama Maandiko.

"Rula, tisini na saba," akasema. "Ukipita mia, unabaki chini kukoroga rangi."

"Bosi, hizo tatu zilizobaki ni za heshima."

Hawajui kuhusu sindano. Anayejua pale kazini ni Kimya tu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwenzangu wa juu. Wanamwita Kimya kwa sababu maneno kwake ni kama meno, akitoa moja anaona pengo. Nimemwambia asiseme. Kumwambia Kimya asiseme ni kumwambia samaki asipande mti. Lakini Mizani akijua kuna mtu wa sindano juu ya bembea, habari yangu imekwisha.

Bembea ni lile jukwaa letu linaloning'inia kwa kamba za chuma kutoka paani. Kila mwisho una winchi ya kukunja kamba, yenye mpini. Kimya anazungusha wa kulia, mimi wa kushoto, na lazima mizunguko ilingane. Mmoja akiwahi, jukwaa linalala upande na ndoo zinatembea zenyewe. Kwa hiyo mtu mmoja anaita na wote wanafuata. Anayeita ni nani? Mwenye sauti.

"Kitambi, shuka! Sukari, shuka! Mama mkwe, shuka!"

Huo ndio wimbo wangu. Barabara yote inacheka.

Leo tulipofika juu nilijilegeza ghafla, nikageuza macho, nikamwangukia Kimya begani. Akawa mweupe kuliko ukuta. Nilipofumbua jicho moja akaniambia, "Shem, siku moja." Hakumalizia. Nilicheka mpaka mkanda ukanibana.

Jumanne, tarehe 3

6.8. Upepo. Mstari wa ghorofa ya kumi na moja umenyooka kama njia ya peponi. Kimya leo alisema neno moja, nalo ni "brashi."

Ijumaa, tarehe 6

Mchana nilianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi. Tulikuwa chini tunabadilisha kamba. Nikapima nyuma ya gari: 3.6. Nikanywa soda, nikala mkate, kama Sista alivyofundisha, nikarudi kuwa mtu. Lakini angalia ujanja wa ugonjwa huu. Unakula chakula. Unachoma sindano. Sindano ikizidi unakula tena ili ujiokoe. Halafu mtu anashangaa tumbo limetoka wapi!

Jumatatu, tarehe 9

"Tisini na nane na nusu."

Mafundi wakanipigia makofi. Mmoja akaniita Tenki, na jina likashika palepale, kama rangi ya mafuta. "Tenki, umejaza dizeli?" "Tenki, ukishuka barabara itapasuka!" Nilicheka kuliko wote. Mtu akicheka kuliko wote, ujue anaumwa mahali.

Nimefanya hesabu zangu. Kabla ya sindano nilikonda. Baada ya sindano nimenenepa. Hata mtoto wa darasa la pili angepata jibu. Sista anasema lazima asubuhi na jioni, lakini Sista hasimami kwenye mizani ya magunia mbele ya wanaume. Jioni hii nimeruka. Mke wangu aliponiuliza nikamwambia nimeshachoma. Nikala wali kidogo, nikajilamba vidole, nikajiona msomi.

Alhamisi, tarehe 12

Sijapima. Nipime nini? Najisikia simba. Simba mwenye kiu.

Jumatatu, tarehe 16

Tisini na tano!

Mizani alipiga kile kibao cha mizani akidhani kimekwama. "Rula, unafanya nini?"

"Nidhamu, bosi. Nidhamu na maombi."

Sasa ninaruka za jioni zote, na juzi nimeruka na ya asubuhi. Jina la Tenki limekufa bila matanga. Maji tu ndiyo yananisumbua. Napanda na dumu zima na kufika saa nne limekwisha, halafu maji yale yale yanataka kutoka, na juu ya bembea hakuna choo. Nimetenga ndoo tupu ya rangi. Kimya anageuza uso ukutani kila mara, anapaka palepale alipokwisha kupaka. Ukuta ule una rangi nyingi kuliko kuta zote za jengo.

Nikamwambia, "Shem, usione aibu, haya ni mambo ya wanaume."

Akasema, "Mara ya sita." Basi.

Jumatano, tarehe 18

Leo sitaki mzaha.

Tulikuwa ghorofa ya tano, upande wa nyuma. Nikachora mstari kama kawaida, brashi moja, pumzi moja, jicho langu. Tuliposhuka kula nikautazama kutoka chini. Nikafikiri ni vumbi la macho. Nikafuta, nikatazama tena. Mstari ulikuwa umepinda. Siyo kidogo, umepinda kama nyoka anayetafuta kivuli. Halafu nikatambua kwamba hata madirisha yana ukungu, na maandishi ya duka la ng'ambo sikuweza kuyasoma, na duka lile nalijua jina.

Mafundi walikuwa wanakula, hawajaona. Nikaenda msalani nikakaa kule bila haja. Niliporudi, bembea ilikuwa juu na Kimya alikuwa ndani yake peke yake, jambo ambalo ni marufuku. Amepanda akizungusha kulia kidogo, akivuka, akizungusha kushoto kidogo, akivuka tena, mpaka amefika. Alikuwa anafuta mstari wangu kwa kitambaa na kuupiga upya. Aliunyoosha. Alishuka, akaosha brashi, akala chakula chake kilichopoa.

Mimi, Rula, mstari wangu umenyooshwa na mtu niliyemfundisha kushika brashi.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, tarehe 21

Naandika kutoka kitandani, nyumbani. Jana asubuhi nilitapika mara mbili kabla ya kuvaa viatu. Pumzi ikawa ndefu na nzito, kama ya mtu aliyepanda ngazi, na mimi nimelala. Mke wangu alinisogelea akaninusa mdomo.

"Unanuka matunda yaliyooza. Umelewa?"

"Mama, nilewe saa hizi?"

"Basi vaa."

"Nina kazi."

"Vaa, baba watoto, kabla sijakuvalisha mbele ya majirani."

Kliniki, Sista alinichoma kidole. Mashine ikaandika 24.6. Akapima na mkojo, akaangalia kile kikaratasi kilivyobadilika rangi. Mimi najua rangi, na ile rangi ya zambarau haikuwa ya heri. Akatundika maji, akaniwekea insulini, akavuta kiti. Ni mwanamke mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na anakutazama kama mtu anayetafuta bei yako.

"Fundi, nani alikuambia uache sindano?"

"Mimi mwenyewe, Sista."

"Ulisomea wapi udaktari?"

"Sindano zinaninenepesha."

Nilingoja anibishie. Hakubisha. "Ndiyo," akasema, "zinaweza. Ulipokuwa bila sindano, sukari yote uliyokula ilikuwa inatoka kwenye mkojo. Ulikuwa unakula na kumwaga. Sasa mwili unashika kila unachoupa, na wewe bado unakula kama mtu anayemwaga. Tena sukari ikishuka unaongeza soda na mkate. Hiyo tunaweza kuirekebisha, mimi na daktari na wewe. Lakini hizo kilo ulizopunguza wiki hizi unazijua ni nini?"

"Mafuta."

"Ni nyumba inayochoma milango yake ipate kupika. Chakula kimejaa kwenye damu, mwili haukifikii, kwa hiyo unajila wenyewe, na moshi wake ni asidi. Asidi hiyo huua. Huko siyo kukonda, fundi. Huko ni kuungua."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sikumtazama.

Sista akanipa masharti: nusu ya sahani iwe mboga, wanga usizidi robo, soda iwe ya kuokoa siyo ya kiu, nitembee jioni, na nirudi na namba zangu daktari aangalie dozi. Akainua kidole. "Na hili kubwa: ukichoma, ule. Usichome ukakaa na njaa. Ukifanya hivyo utanifanya nikukumbuke kwa ubaya."

Wamenilaza mpaka leo. Mke wangu ametoka kwenda kwa mdogo wake na mfuko mkononi, karudi bila mfuko.

Jumanne, tarehe 24

Nimerudi kazini. Mizani nimemwambia lilikuwa tumbo. Alinipima leo, kwa kuwa jana sikuwepo. Tisini na saba. Maji yote niliyoyapoteza yamerudi kwao.

Kimya ana chupa ndogo ya soda mfukoni mwa ovaroli. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Dada."

"Sasa mimi mtoto mchanga, nabebewa chupa?"

Akaifunga zipu ya mfuko.

Jumatano, tarehe 25

8.1. Macho yanarudi. Duka la ng'ambo lina jina tena.

Jumamosi, tarehe 28

Mawingu yamekaa nyuma ya mji kama watu wanaongoja mlango ufunguliwe. Upande wa mwisho umebaki, ule unaotazama barabara, ambao kila mpita njia ataona mistari yangu mpaka nizeeke. Mizani anatukimbiza.

Nimepita kwa muuza nafaka nikasimama kwenye mizani yake. Tisini na tisa na robo. Nachoma zote, nakula sahani ile ya mboga kama mbuzi wa heshima, na bado! Nikamwambia muuza nafaka mizani yake ina ulevi. Akapanda yeye. Ikampa kilo zake sawasawa.

Jumatatu ni keshokutwa. Nimepoteza mengi katika maisha haya na nimeyacheka yote. Ukuta huu sitaki kuutazama nikiwa chini na mti wa kukorogea.

Jumatatu, tarehe 30, asubuhi

Nimechoma dozi yote. Sijala. Nitakula baada ya mizani. Jana jioni pia nilikula majani tu. Najua alichosema Sista. Lakini ni saa moja tu, na mimi nimewahi kukaa baharini siku nzima kwa kikombe cha chai.

Mkono umetulia. Twende.

Jumanne, mwezi mpya, tarehe 1

Haya nitakayoandika nusu ni yangu na nusu ni ya Kimya. Yangu yana matundu. Ya Kimya hayana hata moja. Jana jioni alikaa kwenye kiti cha jikoni kwetu akazungumza kuliko miaka yote niliyomjua, na mke wangu akasikiliza akiwa ameshika sufuria isiyo na kitu.

Mizani ilisema tisini na nane na nusu. Nilipita. Niliinua mikono kama bondia. Mkate wangu ulikuwa kwenye mfuko wangu, chini ya benchi, lakini Mizani alitazama mawingu akasema, "Pandeni sasa hivi, mtakula baadaye." Nikapanda. Mkate ukabaki.

Ghorofa ya tisa nilikuwa naimba. Ya nane nilikuwa naimba. Kimya anasema katika ya saba nilianza kuita vibaya, naita "shuka" mara mbili mfululizo, lakini alijua mimi ni mtu wa vituko. Mimi nakumbuka midomo ikiwa na ganzi, na buluu ya kwenye ndoo ikinitazama.

"Shem," nilimwambia, "mikono siyo yangu."

"Acha utani," akasema Kimya. Nilipomwangukia begani siku ile ya kwanza, nilimfundisha mwenyewe kunijibu hivyo.

Tulitakiwa kushuka ghorofa ya sita. Akashika mpini wake akangoja niite. Sikuita. Akadhani nimeita kwa sauti ndogo, akazungusha. Mimi sikuzungusha. Jukwaa likalala upande wake, ndoo ya buluu ikateleza, ikagonga ukingo, ikaenda. Kimya anasema ilichukua muda mrefu kufika. Chini tumezungushia kamba, hapakuwa na mtu, lakini watu waliopiga kelele niliwasikia kama redio ya jirani.

Akageuka. Nilikuwa nimekaa, miguu nje, jasho linatiririka usoni, na vidole vyangu viko kwenye kifungo cha mkanda.

"Unafanya nini?"

"Unanibana," nikamjibu. "Nataka kwenda nyumbani kula."

Kifungo cha kwanza kilikuwa kimeshafunguka.

Kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: watu wawili hawakai upande mmoja wa bembea. Kimya alivuka. Jukwaa likalalia upande wangu, kamba zikalia, naye akanikalia miguuni, akaushika mkanda wangu kwa mkono mmoja akaufunga, na mkono wa pili akafungua zipu ya mfuko wake kwa vidole, akafungua soda kwa meno. Nilimpiga. Anasema nilimpiga ngumi ya shavu na nikamtukana mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, na baadaye nitaenda kumpigia magoti. Yeye akanishika kichwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa.

"Kunywa, shem. Kunywa. Meza. Tena. Meza."

Nikameza. Tena. Tena.

Tukakaa hivyo, bembea imelala upande, upepo unatugongesha ukutani polepole. Mimi nakumbuka tangu hapo. Nakumbuka kwanza uzito wa mtu juu ya miguu yangu, kisha sauti. Sauti sikuijua. Nilidhani ni fundi mwingine. Ilikuwa ya Kimya, na ilikuwa inazungumza bila kusimama, maneno yoyote tu, majina ya watoto wangu, majina ya rangi, habari ya baiskeli yake, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza nitaondoka.

Macho yangu yalipotulia akaniuliza jina la dada yake. Nikalisema.

"Unaweza kushika mpini?"

"Naweza."

"Basi fuata. Mimi naita."

Na Kimya akarudi upande wake, akaita. Hakuimba. Hakuwa na kitambi wala mama mkwe. "Shuka. Shuka. Shuka," kwa sauti iliyokatika katikati kila mara, na mimi nikazungusha, na jukwaa likanyooka, na tukateremka ghorofa zote sita mpaka kwenye ziwa la buluu lililotapakaa chini.

Mizani alikuwa amesimama katikati ya buluu ile. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia yote: sukari, insulini, jioni nilizoruka, chai niliyoikwepa. Sikumwachia Kimya aseme hata neno, siyo kwa ujanja safari hii. Yalikuwa yangu kusema.

Mizani alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekupima kila wiki," akasema, "na sikujua nilichokuwa napima." Halafu hasira ikampanda. "Ungeniambia, ningekupa saa ya kula! Ningekupa ukuta wa chini! Watu wa sindano wanapaka dunia nzima. Umetaka kumwachia mwenzako mkanda mtupu mkononi?"

Nikamtafutia mzaha. Nilitafuta mifuko yote. Haukuwepo.

Kimya, nilimuuliza jana jikoni, alijuaje kwamba safari hii si utani? Akafikiri. "Ulinyamaza," akasema. "Tangu umuoe dada sijawahi kukusikia umenyamaza."

Mke wangu akaweka sufuria chini. "Nina mume mmoja na mdogo wangu mmoja," akasema, "na leo mlikuwa mmefungwa kwenye kamba moja." Akapakua chakula. Alisimama pembeni mpaka nimemaliza, halafu akatoka nje kulia mahali nisipomwona, lakini dirisha letu liko chini, nikamwona.

Alhamisi, tarehe 3

Kliniki. Nimempelekea Sista namba zangu zote na supu yake. Amesoma mpaka mwisho, miwani imempanda kwenye paji la uso, mahali fulani mabega yakamcheza kwa kicheko. Kwenye Jumatatu ya tarehe 30 yakaacha kucheza.

Daktari amenipunguzia dozi ya asubuhi, kwa kuwa siku za kazi nzito ilikuwa inanizidi, ndiyo maana nilikuwa nashuka sukari na kujazia soda. Kula kwa saa, kupima kabla ya kazi na katikati yake. Juu nisipande mpaka yeye aseme, na hajasema.

"Na uzito, Sista?"

"Tukiondoa kushuka kwa sukari, tutaondoa soda. Uzito utasimama kwanza. Kushuka kwa kilo kutakuja taratibu. Sindano siyo adui yako, fundi. Adui yako ni haraka."

"Nitakonda lini?"

"Unataka ukonde au unataka uzeeke?"

Huyu mama angekuwa mwanasiasa ningempigia kura, tena mara mbili.

Jumatatu, tarehe 7

Wa chini hawapimwi. Nikasimama kwenye mizani mwenyewe, mbele ya wote. Tisini na nane na nusu. Palepale. Mafundi wakangoja niseme kitu. Nikawaambia, "Tenki limefungwa kifuniko." Wakacheka, na mimi nikacheka kiasi changu tu, siyo kuliko wao.

Mafundi wawili wako juu, Kimya na kijana mmoja mrefu kama mlingoti. Asubuhi walikwama ghorofa ya nane, jukwaa linalala huku, linalala kule. Mlingoti hana sauti, na Kimya sauti yake aliitumia yote siku ile. Mizani akaniangalia. Nikaacha mti wa kukorogea, nikasimama katikati ya barabara, nikajaza kifua.

"Kitambi, shuka! Mawingu, subiri! Mama mkwe, nisamehe!"

Bembea ikanyooka, ikashuka kama lifti ya benki.

Jumatano, tarehe 9

6.4 kabla ya kazi, 5.9 katikati. Nimenyamaza kidogo nikifunga kamba ya kiatu. Kutoka ghorofa ya sita ukasikika mlio: "Shem! Sema kitu!" Watu wa kituo cha basi wote wakanigeukia. Nikasema kitu. Siwezi kukiandika hapa.

Ijumaa, tarehe 11

Mawingu leo yameingia ndani ya mji bila kubisha hodi. Asubuhi Mizani alinipa mstari wa mwisho, wa ghorofa ya chini, ule unaopita usawa wa kifua cha mtu aliyesimama ardhini. Nimepaka miguu ikiwa juu ya udongo, brashi moja, pumzi moja. Nikarudi nyuma hadi ng'ambo ya barabara kuutazama. Umenyooka. Mizani naye alivuka barabara, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali, akarudi.

Juu walikuwa wamebakiza mstari wa ghorofa ya tatu na wa ya pili, wakipaka kama watu wanaofukuzwa. Nikawaitia mpaka wakafika ya tatu. Halafu saa yangu ya kula ikagonga. Mizani mwenyewe ndiye aliyenionyesha mkono wake wenye saa.

Nikakaa kwenye benchi lile lile. Mkate, mayai, mboga nusu ya chombo, kama tulivyoandikiana. Nikala polepole. Ngurumo ikapita. Nikawa natazama ukuta mzima kutoka juu hadi chini, mistari tisa na wa kumi ukiwa njiani, na kusema kweli sikuwa na la kusema.

"Shem!"

Nikainua kichwa. Kimya alikuwa ameinama juu ya ukingo wa bembea, brashi mkononi, buluu kwenye pua. Mlingoti kamshika mkanda kwa nyuma.

"Shem! Sema kitu!"

Mdomo ulikuwa umejaa. Barabara yote ilikuwa imesimama kunitazama, wa kituo cha basi, wa dukani, Mizani na mafundi wake. Tone la kwanza likaniangukia kwenye kipara.

Nikainua mkate juu, juu kabisa, hata walioko paani wauone, nikaendelea kutafuna.